Kitendawili! Tega! Mwongozo kamili wa kutegua mafumbo ya muziki wa klasiki na marafiki mtandaoni

Imba noti hizi, kwanza polepole, halafu kwa hasira: m m m d, r r r t. Kama umewahi kusimama kwenye safu ya kwaya yoyote kati ya Nakuru na Busia, umeziimba kabla hujauliza ni za nini, na pengine umeshazitambua: ni mwanzo wa Simfoni ya Tano ya Beethoven. Aliyezitega kwenye kikundi chetu cha WhatsApp aliziandika kwa solfa, yaani d kwa do, r kwa re, m kwa mi, hadi t kwa ti, akidhani ameficha mambo. Waimbaji watatu tulijibu kabla chai haijapoa. Mwenzetu wa Nakuru, aliyesomea piano kwa noti zinazochorwa kwenye mistari mitano tangu utotoni, ndiye aliyebaki akihangaika.

Watu wengi huku kwetu hudhani mafumbo ya muziki wa klasiki ni ya waliokulia kwenye nyumba zenye piano sebuleni. Mimi naishi Kisumu, naimba besi, na piano ya kwanza niliigusa nikiwa tayari nanyoa ndevu. Lakini solfa niliyoimbishwa na mwalimu akipandisha na kushusha kijiti ubaoni imenishindia mafumbo mengi kuliko kitabu chochote. Kwa hiyo mwongozo huu nimeuandikia mwanakwaya wa kawaida mwenye simu, bando la kiasi na marafiki wanne au watano.

Kwanza, watu

Wanne hadi sita wanatosha. Wakizidi wanane, wawili hucheza na waliobaki hutuma vibonzo vya kucheka. Usiwachague kwa wingi wa wanayoyajua, wachague kwa tofauti zao. Kikundi chetu kina waimbaji watatu, mpiga piano, mama mmoja wa Kakamega anayefundisha shule ya Jumapili, na fundi wa simu wa Nakuru ambaye alipojiunga hakuweza kumtenganisha Haydn na Handel. Huyu fundi ndiye ningemchelea zaidi kumpoteza. Kwa kuwa hajui muziki, hatishwi na majina. Yeye hutazama herufi, namba na mpangilio, na mara nyingi huona mlango wakati sisi bado tunabishana kuhusu ukuta.

Fumbo hili litakuonyesha ninachosema. Lilikuja hivi: "Mwana wa Kushi amejificha katika fumbo la Mwingereza. Mwite kwa Kijerumani, atageuka." Waimbaji tulinyamaza. Mama wa Kakamega akaandika mara moja kuwa mwana wa Kushi aliyesifika ni Nimrodi, yule hodari wa kuwinda katika Mwanzo sura ya 10. Hapo nikakumbuka kuwa Edward Elgar, Mwingereza, alitunga mwaka 1899 tofauti 14 za okestra (wimbo mmoja uliogeuzwa kwa namna 14) zinazoitwa Enigma, yaani fumbo, karibu kila moja ikiwa picha ya mtu wake wa karibu, na ya 9 inaitwa Nimrod. Mpiga piano anajua Kijerumani kidogo: mwindaji ni Jäger. Na rafiki wa Elgar aliyefichwa hapo alikuwa August Jaeger. Hakuna hata mmoja wetu ambaye angelitegua peke yake, na kwa pamoja lilichukua kama dakika sita.

Uwanja wa kuchezea

WhatsApp inatosha kutegea na kujibu. Simu ya pamoja ni tamu zaidi kwa kutegua, kwa sababu fumbo linapendeza ukisikia mwenzako akivuta pumzi kabla ya kubahatisha. Ukitumia Zoom ya bure itakukata baada ya dakika 40, na Google Meet ya bure baada ya dakika 60 mkiwa watatu au zaidi. Sisi tumegeuza kikwazo hicho kuwa sheria: mchezo ni dakika 40, basi. Tunaanza Ijumaa saa mbili na nusu usiku, na kama radi imeshaanza kunguruma ziwani tunaanza mapema kabla stima haijapotea.

Shida kubwa ni sauti. Programu za mikutano zimeundwa kwa ajili ya maongezi, hivyo zikisikia violini moja ndefu hudhani ni kelele ya feni na kuifyonza. Kwenye Zoom kuna mpangilio wa sauti asilia kwa wanamuziki. Mwenye kucheza kipande auwashe. Njia rahisi zaidi ni kutokicheza kipande kwenye simu ya pamoja kabisa. Kitume kwenye kikundi kama faili, si kama ujumbe wa sauti uliorekodiwa kwa kuweka simu mbele ya spika, kisha kila mtu akisikilize kwake kwa visikizio. MP3 ya kilobiti 128 kwa sekunde hula takribani megabaiti moja kwa dakika, kwa hiyo kipande cha sekunde 20 ni kama kilobaiti 320. Hata bando la mwisho wa mwezi linaweza.

Na tafadhali, badilisha jina la faili. Nimewahi kutega fumbo ambalo nilijivunia wiki nzima, kumbe jina la mtunzi lilikuwa limeandikwa kwenye faili lenyewe. Hata ukiliita "fumbo7", fungua maelezo ya ndani ya faili uyafute pia, maana simu nyingine huonyesha jina la kazi na mpigaji mara tu sauti inapoanza. Kwa picha za noti, kata sehemu ya juu ya ukurasa.

Sheria, na mji

Sheria ya kwanza: dakika kumi za mwanzo hakuna kutafuta mtandaoni. Anayejibu kwa sikio au kichwa anapata alama tatu, anayejibu baada ya dokezo anapata mbili, na baada ya kutafuta anapata moja. Tunaaminiana. Mdanganyifu hujulikana kwa sababu hujibu kwa tahajia safi mno, na mwaka wa kuzaliwa juu yake.

Sheria ya pili tumeikopa kwa bibi zetu. Anayeshindwa kitendawili hutoa mji. Kwetu, mji lazima uwe wa muziki na useme ni wa nani. "Nipe mji!" "Chukua Bonn." "Bonn ya nani?" "Alikozaliwa Beethoven, 1770." Kama hujui ni wa nani, mji haupokelewi, na aliyetega anaendelea kukudai. Nilidhani ni mzaha tu wa kuchangamsha, lakini ndivyo tulivyojifunza ramani yote: Eisenach ya Bach, Halle ya Handel, Salzburg ya Mozart, Venice ya Vivaldi, Dublin ambako Messiah ya Handel ilisikika mara ya kwanza tarehe 13 Aprili 1742. Anayeshindwa mara nyingi ndiye anayeishia kujua miji mingi. Fundi wetu wa simu sasa anaimiliki nusu ya Ulaya.

Kutegua kwa sikio

Hapa ndipo mwanakwaya anapotamba. Ukisikia kipande, usikimbilie jina. Kwanza kiimbe, pili kiandike kwa solfa, tatu ndipo uulize ni nini. Ukishakiandika unaweza kumtumia mwenzako, na yeye akakiimba kwa ufunguo wowote ambao koo lake linaumudu, na wimbo ukabaki ule ule. Hiyo ndiyo nguvu ya solfa ambayo mistari mitano haina: haijali kama wimbo uko C au uko E flati. John Curwen aliyeieneza Uingereza katika karne ya 19, akijenga juu ya kazi ya mwalimu Sarah Glover, alikuwa akitafuta njia ya kuwafundisha watu wa kawaida kuimba pamoja. Silabi zenyewe ni za kale zaidi. Mtawa Guido wa Arezzo, karne ya 11, alizitoa kwenye mwanzo wa mistari ya utenzi wa Yohana Mbatizaji, na "do" wakati huo iliitwa "ut". Swali hilo la "ut" hutegwa sana, liweke mfukoni.

Jaribu: m m f s s f m r d d r m. Ni wimbo wa furaha wa Simfoni ya Tisa ya Beethoven, uliochezwa mara ya kwanza Vienna mwaka 1824. Au: m s s, m r d. Ni sehemu ya pili, ya taratibu, ya Simfoni ya Tisa ya Dvořák, aliyoitunga Marekani mwaka 1893. Au d' s l s, ambayo hata mtoto wa kwaya ya Krismasi atairukia: Hallelujah.

Kuna nyakati sikio linashika mwendo tu, si noti kamili. Hapo tumia herufi tatu: J kwa noti inayopanda juu, C kwa inayoshuka chini, S kwa inayobaki sawa. Noti ya kwanza haihesabiwi. Mwanzo wa Beethoven wa Tano unakuwa SSC J SSC. Wimbo wa furaha unakuwa SJJS CCCC SJJ. Si mbinu yangu. Denys Parsons aliipanga miaka ya 1970 kwa herufi za Kiingereza, na inashangaza jinsi nyimbo chache zinavyofanana baada ya noti kumi na mbili hivi. Mwenye sauti mbaya kabisa kwenye kikundi anaweza kushiriki kwa JCS. Haulizwi aimbe, anaulizwa tu: imepanda au imeshuka?

Baada ya wimbo, sikiliza ala, kwa sababu ala hutoa tarehe. Ukisikia saksofoni ndani ya okestra, kazi hiyo haiwezi kuwa ya Mozart: Adolphe Sax, Mbelgiji, alipata hataza yake mwaka 1846, na Mozart alikufa 1791. Ukisikia kinanda kidogo chenye mlio wa kengele za sukari, hiyo ni selesta, iliyobuniwa Paris mwaka 1886, na mara tisa kwa kumi aliyekutegea amechukua dansi ya malaika wa sukari kutoka ballet ya Tchaikovsky ya mwaka 1892. Mizinga? Tchaikovsky tena, utangulizi wa 1812, na ndani yake utasikia wimbo wa taifa wa Ufaransa ukipondwa. Ngoma ndogo inayorudia mdundo mmoja kutoka mwanzo hadi mwisho bila huruma ni Boléro ya Ravel ya mwaka 1928. Hapsikodi peke yake kwa kawaida hukurudisha nyuma ya mwaka 1800, ingawa watunzi wa karne ya 20 waliifufua, kwa hiyo usiape.

Gaweni masikio. Sisi besi hutazama chini: je, besi inarudia kitu kile kile? Soprano hushika wimbo. Mpiga piano hutaja ala. Wote mkisikiliza wimbo tu, mtapitwa na nusu ya ushahidi.

Mafumbo ya herufi

Haya ndiyo niyapendayo kuliko yote, na yana ufunguo mmoja ambao ukiukosa utakesha. Wajerumani huita B flati (B iliyoshushwa nusu toni) "B", na B ya kawaida huiita "H". Zaidi ya hapo, E flati huitwa "Es", inayosomeka kama S. Kwa hiyo mtunzi wa Kijerumani ana herufi A, B, C, D, E, F, G, H na S za kuandikia majina kwa noti.

Bach aliliandika jina lake hivyo: B flati, A, C, B ya kawaida. Kwa solfa ya ufunguo wa C ni ta l d t, ta ikiwa ti iliyoshushwa. Alilitia ndani ya fuga yake ya mwisho (utunzi ambamo sauti huingia moja baada ya nyingine zikiigana), ambayo haikukamilika. Shostakovich alichukua D, S, C, H, kutoka jina lake linavyoandikwa Kijerumani, na kuifungulia nayo kwateti yake ya 8 ya nyuzi (kazi ya wapigaji wanne) mwaka 1960. Ukiona fumbo lenye noti nne tu za ajabu ajabu, zisizo na utamu wa kuimbika, shuku mojawapo ya hizi mbili kwanza.

Halafu yule mama wa Kakamega, mwalimu wa shule ya Jumapili, akaleta balaa. Akatuma picha ya noti tano, F E D B A, B yake ikiwa ya kawaida, na dokezo: "Mjerumani akizitaja, Mswahili anazinyoshea mkono." Tulitafuta majina ya watunzi wote. Tuliimba. Tuligeuza nyuma mbele. Fundi wa simu ndiye aliyeuliza kwa upole, "Si mlisema B yao ni H?" F E D H A. Fedha. Tangu siku hiyo tumegundua kuwa Kiswahili kinaingia kwenye noti za Kijerumani vizuri kuliko nilivyotarajia: baba, dada, beba, bega, haba, hadaa, na ukiongeza Es, hasa na sadfa. Silabi zetu nyingi zinaishia kwa vokali, na A na E zipo, ndiyo maana. Tungekuwa na noti inayoitwa U tungeandika Biblia.

Kanuni ya kazi: ukipewa noti zilizochorwa, ziandike mara mbili, mstari wa kwanza kwa majina tuliyofundishwa sisi, mstari wa pili kwa Kijerumani. Kisha ziandike kwa solfa mstari wa tatu. Neno litajitokeza kwenye mstari mmojawapo, au hakuna neno, na utakuwa umejua hilo kwa dakika mbili badala ya ishirini.

Namba

Kwa haraka. Kazi za watunzi huorodheshwa kwa herufi na namba: za Bach hubeba BWV, za Mozart K, kutokana na Köchel aliyechapisha orodha yake mwaka 1862, za Schubert D kwa ajili ya Deutsch, za Vivaldi RV, za Haydn Hob. Ukiona "K. 626" ni misa ya wafu ya Mozart, ambayo alikufa kabla ya kuimaliza na mwanafunzi wake Süssmayr akaikamilisha. Idadi za simfoni hutegwa kila mara: Haydn 104 na Mozart 41 kwa hesabu ya kawaida, Beethoven 9, Brahms 4. Hivyo "simfoni za Beethoven ujumlishe za Brahms, utoe opera za Beethoven" ni 12, kwa kuwa opera yake ni moja tu, Fidelio.

Miaka usiikariri mmoja mmoja, ikariri kama mapacha. Mwaka 1685 walizaliwa Bach, Handel na Domenico Scarlatti. Mwaka 1810 Chopin na Schumann. Mwaka 1813 Verdi na Wagner. Mwaka 1809 Haydn alikufa na Mendelssohn akazaliwa. Mwaka 1875 walizaliwa Ravel na Samuel Coleridge-Taylor, Mwingereza ambaye baba yake alitoka Sierra Leone. Huyu mtajeni mara nyingi, na pia George Bridgetower, mpiga violini mwenye asili ya Kiafrika aliyeicheza na Beethoven mwaka 1803 sonata ya 9 ya violini, kabla hawajagombana na Beethoven akaitoa kwa Kreutzer. Kreutzer hakuwahi kuicheza hadharani. Watu wa mafumbo wanapenda sana zawadi iliyoenda kwa asiyeitaka.

Mitego ya kawaida

Fumbo zuri hutegemea kitu ambacho kila mtu "anakijua". Hallelujah ya Handel, kwa mfano. Karibu kila mwanakwaya atakuambia ndiyo mwisho wa Messiah. Siyo. Inafunga sehemu ya pili, na sehemu ya tatu nzima bado inafuata. Nilishawahi kuipoteza alama hiyo, na nimeiimba Hallelujah kila Pasaka tangu nikiwa kidato cha pili.

Harusi ni shimo jingine. Muziki wa kumwingiza bibi harusi kanisani umetoka kwenye Lohengrin ya Wagner, ya mwaka 1850, na ndani ya opera huimbwa baada ya harusi, maharusi wakisindikizwa chumbani. Ule wa kutokea kanisani ni wa Mendelssohn. Adajio maarufu "ya Albinoni" aliitunga Remo Giazotto na kuichapisha mwaka 1958. Minueti ya G ambayo kila mwanafunzi wa piano huambiwa ni ya Bach ni ya Christian Petzold. Na jina la sonata ya mbalamwezi Beethoven hakulijua, lilibandikwa baada ya kufa kwake.

Mafumbo ya kupanga makundi yana mtego wake wa pekee. Chukua kobe, tembo, paka, kangaruu. Watatu wanatoka kwenye karamu ya wanyama ya Saint-Saëns ya mwaka 1886, ila paka ni wa Prokofiev katika hadithi yake ya Petro na mbwa mwitu ya 1936, ambako hupigwa na klarineti. Rahisi. Lakini mtegaji mjanja ataongeza ndege, na ndege wako pande zote mbili. Kitu kinachokaa sehemu mbili kiache hadi mwisho. Panga kwanza wale wasio na makao mawili, na yeye atajikuta amebaki na kiti kimoja.

Mkikwama

Dakika kumi zikiisha, tafuteni kwa mpangilio. Kwa kipande cha sauti, Shazam hutambua rekodi, si mtu anayeimba kwa mdomo, na kwa muziki wa klasiki mara nyingi hukupa jina la okestra kabla ya la mtunzi, hivyo soma mstari wote. Kama wimbo uko kichwani tu, programu ya Google ina sehemu ya kutafuta kwa kuimba au kuvumisha. Iimbie "la la la" kwa sekunde kumi hadi kumi na tano mahali pasipo na redio ya jirani. Kwa noti zilizochapishwa nenda IMSLP, maktaba huru iliyofunguliwa mwaka 2006, ambako utapata noti za kazi ambazo haki zake zimekwisha muda na unaweza kulinganisha kipande chako na ukurasa wenyewe. Kwa nyimbo za kwaya kuna CPDL. Mmoja atafute, wengine waendelee kufikiri. Wote sita mkizama kwenye Google kwa wakati mmoja, mchezo unageuka chumba cha kusubiri daktari.

Kutega yako mwenyewe

Usitegemee mafumbo yaliyotungwa kwa Kiingereza. Nusu yake huchezea maneno ambayo yakigeuzwa hufa, na kikundi kikiwa cha Waswahili hakuna sababu ya kucheza kwa lugha ya kukodi. Namna rahisi ya kuanza ni kuficha jina la mtunzi ndani ya sentensi ya Kiswahili, herufi zikifuatana kuvuka nafasi kati ya maneno. Hizi zetu zimepimwa:

"Baba, chai iko tayari."
"Utusamehe dhambi zetu."
"Kitambaa ulichonacho pinda mara mbili."
"Mwambie Samuel gari limefika Kondele."
"Lile duka sasa limefungwa."

Ya kwanza ni Bach, ameketi kati ya baba na chai. Ya pili ni Bizet, na mama wa shule ya Jumapili alikasirika kidogo kwamba amekuwa akimtaja kila Jumapili bila kujua. Ya tatu ni Chopin. Ya nne ni Elgar, ya tano Dukas. Liszt na Brahms nimewatafutia nyumba mwaka mzima bila mafanikio. Konsonanti zao zimesongamana kama matatu ya jioni.

Kwa vipande vya sauti, epuka mwanzo wa kazi maarufu. Kata katikati, pale wimbo unaporudi kwa ala nyingine, ili anayeujua aseme "namjua huyu, lakini leo amevaa koti jipya". Kwa maswali, changanya na ya nyumbani: wimbo wa taifa wa Kenya ulipatikanaje? Ulijengwa juu ya wimbo wa kubembeleza mtoto wa Wapokomo. Usijaze maswali ya miaka mitupu. Na kila fumbo lijaribu kwa mtu mmoja nje ya kikundi kabla ya Ijumaa. Likimchukua chini ya dakika moja, ongeza safu. Likimchukua zaidi ya nusu saa, andaa madokezo matatu, la kwanza likiwa la kusaidia kweli kweli na si la kuringa.

Ijumaa iliyopita nilikosa sita kati ya nane. Niliitoa Leipzig, nikaitoa Vienna, nikaishiwa miji hadi nikajaribu kutoa Maseno, ikakataliwa. Mchezo ulipoisha mwalimu wa Kakamega hakuandika neno. Alituma tu picha ya noti saba kwa ajili yangu, bila flati hata moja: F E D B E B A.